Mwenyekiti Mpya wa Chepilat

"Karatasi sitaki," Onsongo alisema, akaburuta kisigino kwenye matope ya soko la ng'ombe mpaka mstari ukaonekana. Akasogea hatua kumi, akachora wa pili. "Siku ya kura mlijificha na karatasi. Leo mtasimama hapa, niwaone kwa macho yangu."

Watu zaidi ya mia moja walimtazama. Ilikuwa Jumapili alasiri, wiki tatu baada ya uchaguzi wa 1957, na Zacheus Onsongo, mwenyekiti wa chama chao, alikuwa ameangushwa vibaya katika mbio za kwenda Baraza la Kutunga Sheria kule Nairobi. Kushindwa si dhambi. Lakini yeye alishindwa hata hapa Chepilat, nyumbani, ambapo walimu na makarani, wenye kura mbili mbili na tatu tatu kwa sababu ya elimu na mishahara yao, walikula kuku wake wakamwahidi mbingu.

Nyakundi, katibu wake, alisimama kando akijitahidi asicheke. Miaka minne alikuwa amembebea mzee huyu mkoba. Sasa alikitaka kiti chake cha mwenyekiti, kilichokuwa kikipigiwa kura leo, na alikitaka mpaka usingizi ukamruka. Tangu matokeo yatoke alikuwa akizunguka kwenye laini za wafanyakazi wa mashamba ya chai, zile nyumba za safu, mlango kwa mlango, akiuliza swali moja tu: mbona hamkumpa kura?

"Huyo mzee kelele mingi," mmoja alimjibu. "Anasema mashamba ya wazungu irudi. Sisi tunataka mshahara iongezwe, basi."

"Maneno yake itatuletea taabu," mwingine alisema, akafunga mlango kwanza ndipo akamalizia. "Mtu akisimama karibu na yeye, na yeye anaonekana."

Nyakundi aliyasikiliza yote kwa uso wa huzuni, na moyoni alizidi kunenepa.

Elmina, mkewe, ndiye peke yake aliyekuwa na neno. Asubuhi ile alimshika mkono wakitoka kanisani.

"Baba Mellen, mtu akitaka kiti si anabembeleza watu? Mzee wenu tangu Jumatatu anawatukana tu. Kwa nini?"

"Ni hasira ya kushindwa."

"Onsongo namjua. Huyo hakasiriki bure."

"Mama, wacha siasa. Nenda upike."

Akaenda, lakini hakupika. Sasa alikuwa amesimama nyuma kabisa ya umati, shuka kifuani, na hofu aliyokuwa nayo hakuweza kuipa jina.

Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya vilima vya Sotik, meusi, ya mvua ya mawe. Onsongo hakuyatazama. Alipita mbele ya watu akimwangalia mmoja mmoja.

"Nyinyi wachuma chai ni kondoo," alisema. "Na nyinyi walimu ni fisi. Anayetaka Nyakundi, aende kwa mstari wake. Lakini mjue, kila atakayekwenda nitamkumbuka."

Hayo yalikuwa makosa, kila mtu aliona. Ukimtisha mtu aliyekwisha kuogopa, humwachii ila kukimbia. Mwalimu Alfayo ndiye aliyetangulia. Alivua kofia, akavuka, akasimama nyuma ya Nyakundi bila kumtazama yeyote. Wakafuata makarani, kisha wachuma chai kwa makundi, na mwishowe wanawake. Nyuma ya Onsongo walibaki watatu: nduguye, katekista, na mzee mmoja kiziwi ambaye hakuwa ameelewa wanagombania nini.

Nyakundi alimhurumia kidogo, huruma ya mtu aliyeshiba.

Alitazamia ugomvi. Badala yake Onsongo alifungua daftari la chama na kulisukuma mbele yake. "Andika jina lako. Lote."

"Mzee, hakuna haraka. Tutafanya siku ingine."

"Andika, Nyakundi."

Mzee alikuwa akitupia jicho barabara ya Sotik, na Nyakundi akadhani anaona haya. Akaandika. Watu wakapiga makofi, makofi machache yasiyo na sherehe, maana vitisho vya Onsongo vilikuwa bado masikioni mwao. Elmina hakupiga.

Ndipo lori la polisi lilipotokea upande wa Sotik.

Hakuna aliyekimbia. Askari sita waliruka chini wakasimama wakizunguka uwanja, na afisa mzungu akatembea polepole kati ya ile mistari miwili. Nyakundi alihisi damu ikimpanda kichwani. Kumbe ndiyo hila ya mzee! Ameiita serikali ije ivunje uchaguzi. Basi hatarudi nyuma, si leo, si mbele ya watu wake.

"Chairman ni nani?" afisa aliuliza.

"Ni mimi," Nyakundi alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa mkewe. "Watu wamenichagua wenyewe, mchana, mbele ya kila mtu. Hata kama huyu mzee aliwaita, hiyo haibadiliki."

Afisa akamgeukia Onsongo. "Kweli?"

"Kweli, bwana. Ni yeye."

Afisa alikunjua karatasi, akaisoma kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. Mwenyekiti wa chama hiki, kwa maneno ya uchochezi yaliyosemwa wakati wa uchaguzi, atapelekwa kizuizini Lodwar, na atakaa huko mpaka serikali itakapoamua vingine. Yote yalikuwa yamepigwa chapa isipokuwa jina. Pale palikuwa na nafasi tupu.

Afisa alipapasa mifuko yake, wa kulia, kisha wa kushoto, akitafuta kalamu. Onsongo akatoa yake, akaifungua kifuniko, akampa.