Kuonja Sukari

Siku hizi posa haipiti mpaka binti anywe chai mbele ya wakwe, kwenye kikombe cha kupimia. Kikombe husoma protini zilizomo kwenye mate ya mdomo wa kwanza kukigusa. Ugonjwa ukiwa umejificha mwilini, hata kama utaibuka baada ya miaka mingi, ukingo wa kikombe hugeuka buluu baada ya dakika chache.

Bi Shamsa alimmiminia bintiye Nasra chai jikoni, roho juu. Na kama alivyozoea kila akiandalia wageni, akaonja sukari. Aliposhtuka, midomo ilikwishagusa. Akaufuta ukingo kwa ncha ya kanga. Ulikuwa bado mweupe pe, akashukuru Mungu.

Sebuleni, Nasra alipiga funda moja tu, buluu ikaanza kutambaa. Bi Zuwena, mama wa mchumba, akaacha kutafuna.

"Si yake!" Bi Shamsa akaropoka. "Nilionja sukari mimi. Hiyo buluu ni yangu, wallahi."

Hakuwahi kudhani angeuombea ugonjwa uwe wake.

Bi Zuwena alimtazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana, dada yangu. Lakini huyu si umemzaa wewe?" Akatoa mkobani kikombe kingine, kipya, akakisogeza mbele ya Nasra. "Haya mwanangu, kunywa."

Bi Shamsa akamimina. Safari hii hakuonja. Nasra akakiinua kikombe kwa mikono miwili, na mama yake akageuzia uso ukutani.