Shuka za Mzee Javan

Mashine ya kukaushia nguo ilipiga kishindo kimoja, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza. Shuka mbili zilikuwa ndani, bado mbichi.

"Imekufa!" Nerima akashika kichwa. "Uuwi, Baba Lorine, leo tutaanika wapi?"

 Mzee Javan alikuwa ameshachukua simu kumtafuta fundi.

Usiwacheke. Nyumba yao ya Buruburu ina kamba ya nguo uani, nzuri tu, na jua lipo la kutosha. Lakini tangu jirani apandishe ghorofa kule nyuma, ua wote uko wazi, na Mama Adongo wa juu hana kazi nyingine ila kusoma kamba za watu. Shuka zikianikwa pale kila siku ya Mungu, kufikia Jumapili kanisa zima litajua kuna mtu mzima anayelowesha kitanda. Javan angevumilia mengi maishani, ila si hilo.

Fundi alifika saa nne. Aliitwa Ndeti, mtu wa makamo mwenye maneno mengi. Aliifungua mashine mgongoni, akapiga mluzi.

"Mzee, hii ya kukaushia mlinunua lini?"

"Mwaka wa El Nino. Nepi za Lorine, kitinda mimba wetu, zilikataa kukauka."

"Basi imefanya kazi yake, iache ipumzike. Belti imekatika, mota imeungua. Nikitengeneza nitakuwa nakula pesa zako bure. Nunua mpya. Za siku hizi hata swichi ya kuzungusha hazina, unagusa kioo tu, yenyewe inajua."

"Hapana. Tengeneza hii hii."

"Lakini mzee..."

"Nataka yenye swichi hiyo."

Ndeti akaiangalia swichi. Kando yake palikuwa na doa jekundu, rangi imepakwa kwa mkono. "Na hii je?"

"Nimepaka mimi. Inaonyesha pa kufikisha."

Fundi akatikisa kichwa. Wazee na vitu vyao! Ukimwambia mzee aachane na kitu alichokizoea, ni kama umemwambia ahame nyumba.

Nerima akaleta chai. "Karibu, fundi. Umetoka wapi?"

"Machakos, mama."

Nerima akaketi, akamfungulia moyo palepale, kana kwamba Ndeti alikuwa mtoto wa dada yake. "Usimwone amenyamaza hivyo. Huyu mzee wangu ndiye amenifanya mtumwa wa mashine. Tangu mwezi wa pili, haja ndogo inamtoka usingizini. Mpaka gauni langu analilowesha! Na maji haachi, kila aendako yuko na glasi yake. Nikimwambia apunguze, anaangalia chini tu."

Javan akaangalia chini.

"Lakini simtupi," Nerima akaendelea, sauti imelainika. "Amenilisha na mshahara wa reli miaka mingapi? Sasa ni zamu yangu kumtunza. Yeye ana moyo, fundi. Ingekuwa ni mimi, ningemwomba Mungu anichukue siku hiyo hiyo."

Akainuka, akaenda jikoni. Ndeti akamsogelea mzee, kwa huruma ya kweli.

"Mzee wangu, siku hizi kuna nepi za watu wazima. Hapo duka la dawa zimejaa."

"Nimeziona."

"Sasa?"

"Kuzinunua si shida. Kukubali kuzivaa ndiyo kazi."

 Fundi aliwaza baba yake mwenyewe, akaona afadhali akaze skrubu.

Nerima alirudi na kikombe kingine, ilhali kile cha kwanza kilikuwa bado kinafuka moshi. "Karibu, fundi. Umetoka wapi?"

"Machakos," Javan akawahi kujibu. "Anatoka Machakos, Mama."

Ndeti akacheka, akavivuta vikombe vyote viwili kwake. Katika kuzunguka kwake kote hakuwa amepata nyumba yenye ukarimu namna hii.

Mwishowe wakaelewana. Ndeti angeenda soko la Gikomba kutafuta mashine nyingine iliyokufa, aichinje, aitoe mota. Siku tatu.

"Mpya ningekuletea leo jioni," akajaribu kwa mara ya mwisho.

"Nitangoja."

Fundi alipoondoka, Javan alivuta mapazia ya sebuleni, akazitandaza shuka juu ya viti, akaanza kuzipiga pasi zikiwa bado mbichi, kipande kwa kipande. Mgongo ulimuuma. Roho ilimuuma zaidi. Siku tatu za kujifungia hivi, na wageni wakibisha aseme nini? Lakini mashine mpya isiyo na swichi wala doa jekundu alilozoea Nerima asingeiingiza humo ndani, hata apewe bure.

Saa tisa akaenda chumbani kumwangalia mkewe. Nerima alikuwa amejilaza baada ya chakula, mkono chini ya shavu, vile alivyokuwa akilala tangu walipooana. Usingizini uso wake ulikuwa hauna wasiwasi wowote. Javan alimpenda mwanamke huyu mno.

Akaingiza mkono taratibu chini ya blanketi, akapapasa. Akautoa umelowa. Machozi yakamtiririka.

Kisha akaichukua glasi yake dirishani, akamimina maji yote kwenye suruali yake iliyokuwa kavu kabisa, akajilaza kando ya mkewe, akamgusa bega.

"Mama Lorine," akanong'ona. "Amka, Mama. Nisamehe. Nimefanya tena."