Majaribio Yanayogongana

"Nanyama, Keringet: marehemu."

Quincy aliusoma mstari huo kwenye kompyuta, roho ikamruka. Nanyama ni mama yake. Tangu vita vifike Keringet baada ya uchaguzi, kila akipiga simu anaambiwa mteja hapatikani.

Jaspreet, mwenye ofisi, mama asiyemeza neno, siku hiyo alitazama skrini kimya. Kisha akamwambia atulie. Programu yao ilikuwa ya kuwatafuta waliopotezana na jamaa zao. Majaribio yake, yale ya kuipima kama inafanya kazi, akasema, huendeshwa yote kwa wakati mmoja, tena yanaandika kwenye faili moja, lilelile linalopokea majina kutoka kambi za waliokimbia vita. Na si Quincy mwenyewe aliyetia jina la mamake kwenye jaribio la walio hai, ati kwa baraka? Basi jaribio la marehemu limeandika juu yake.

"Yanagongana tu," akasema. "Yatenganishe, kila moja na faili lake. Na usitoke hapa mpaka umalize."

Loo, Quincy alivyoshukuru! Alijilaani kwa kuchezea jina la mzazi, akaanza kazi. Kila jaribio akalipa folda yake, liandike humo na kufuta likimaliza. Jaspreet alimletea chai na chapati, akasimama hapo mpaka akala. Hata simu alimchukulia, eti isimsumbue. Nje moshi ulikuwa ukipanda upande wa mtaa wa Free Area, lakini Quincy hakuinua kichwa. Alikuwa akimtoa mama yake kaburini.

Majaribio yote yakapita. Akaufuta ule mstari, akayaendesha tena, akafungua lile faili la kambini.

Mstari umerudi.

Kuna moja limenihepa, akajiambia. Dawa ni kuyaendesha moja moja mpaka alikamate. Akaingia kwenye mipangilio ya mashine, akaganda. Yalikuwa tayari yamewekwa yaende moja moja.

"Madam," akaita bila kugeuka, "haya yanaenda moja moja tangu lini?"

Alipogeuka alimwona mjomba wake Dalmas mlangoni, kofia mkononi, na nyuma yake akina mama wawili wa kwao.

"Tangu wiki jana," Jaspreet akasema. "Mjomba wako alinipigia leo asubuhi, akaniomba usiambiwe ukiwa peke yako."