Viatu vya Lucious Grier

Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2019, saa nne na robo asubuhi, manyunyu ya baridi yakiuloanisha mji wa Macon, Georgia, Javaris Poole alikuwa jikoni kwa mama yake akimsubiri mtu wa kumhoji. Kifundoni mwa mguu wake kulikuwa na kifaa cha mahakama kilichomzuia kuvuka geti. Jumatatu angesimama mahakamani mbele ya raia kumi na wawili ambao wangeamua kama atazeekea gerezani. Wakili alikuwa amemkataza kusema neno lolote hadharani. Hakumsikiliza.

"Futa miguu, mwanangu, hapa si zizini," Bi Ernestine Poole alimwambia mgeni mlangoni.

"Samahani, mama." Terrell Odom, mwenye kipindi cha mtandaoni kilichotazamwa Kusini nzima ya Marekani, alirudi kwenye zulia akafuta. Bi Ernestine, kiongozi wa akina mama wa kanisa lao, alimwekea chai tamu ya barafu na bakuli la karanga za kuchemsha, kisha akaketi pembeni na kazi yake ya kufuma.

"Kuna wanaosema muziki wa rapu wa huku Kusini umekufa," Odom alianza.

"Wanaosema ni wale wa New York waliotucheka lafudhi. Leo wanaongea kama waliozaliwa shambani kwa babu yangu." Odom alicheka. Javaris hakucheka. "Lakini sikudanganyi, kaka. Muziki wetu unataka uwe yule unayemwimba. Ukiimba kwamba umeua, wanashangilia. Ukisema ulikuwa umelala kwenu, wanakuzomea. Sasa na serikali nayo imekuwa shabiki wangu."

"Na mapenzi?"

"Nilikuwa na mmoja tu, Keyonna. Aliniambia, 'Unanipenda mbele ya simu. Simu ikizimwa unakuwa mgeni.' Alisema kweli, akaondoka. Lakini sikuwahi kumwinulia mkono. Nililala utotoni nikisikia vishindo ukutani. Mwanamume anayepiga mwanamke simhesabu kuwa mtu."

Sindano ya Bi Ernestine ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Macon nzima ilijua vile vishindo vilikuwa vya nani: Lucious Grier, aliyeishi na Bi Ernestine kwa miaka mingi, na ambaye Julai 2017 alikutwa ameuawa kwa risasi kibandani mwake kando ya mto Ocmulgee. Waendesha mashtaka walisema mtoto alikuwa amelipiza kisasi cha mama.

"Mtandaoni je? Watu wanakuunga mkono."

"Ingia utazame. Kuna fulana zenye uso wangu, 'Mwachieni Poole.' Anayeziuza ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita muuaji. Wengine wanapiga kura: miaka thelathini au maisha? Na hawanichukii, hilo ndilo baya. Wanataka tu kitu cha kutazama wakila."

Odom aliinama mbele. "Basi tufike kwenye viatu."

Katika wimbo uliompa Javaris jina, mlikuwa na mstari unaosema kwamba marehemu alivuliwa viatu, vikapangwa mlangoni, visigino vikitazama ukuta. Ndivyo vilivyokutwa. Polisi hawakuwa wamelitangaza jambo hilo popote. Lilijulikana kwa wapelelezi na kwa muuaji tu.

"Ule mstari sikuuandika mimi," Javaris alisema.

Odom aliweka glasi chini. Huko kwao, rapa akikiri kwamba maneno si yake, amejizika kwa mikono yake mwenyewe. "Unajua unachosema? Tunarekodi."

"Najua. Nilipewa, nikaambiwa huu mkali, imba. Nikaimba. Sikuuliza umetoka wapi, sisi hatuulizani. Hata Pasaka kanisani, nikiwa na miaka mitano, nilisimama nikakariri shairi nililopewa, watu wakapiga makofi."

"Basi mtaje! Aliyeuandika ndiye aliyekuwa kibandani. Taja jina, Jumatatu unalala kitandani kwako."

"Siwezi."

"Unamwogopa? Ni mtu wa genge?"

"Hapana."

"Sasa huyo mtu ana moyo gani? Anakutazama unazama, yeye yuko kwake anakula mkate wa mahindi?"

Javaris alimenya karanga moja. Odom akamgeukia mama mtu. "Mama, msaidie mwanao. Mwambie ataje."

"Javaris ni mtu mzima," alisema Bi Ernestine bila kuinua macho. "Na sikumlea awe mmbeya."

Odom alifunga vifaa vyake, akashukuru kwa chai, akaenda. Kabla ya adhuhuri mazungumzo yalikuwa yamesambaa kote. Javaris alipitisha kidole kwenye simu, uso wake ukizidi kuwa mzito. Hakuna aliyeuliza habari za muuaji wala za mahakama.

"Wananiita kasuku," alisema. "Wanasema fulana wanazichoma."

"Zima hicho kitu, ule."

"Sina njaa." Alisogeza kiti, akashika mikono ya mama yake, kazi ya kufuma ikiwa katikati yao. "Nimenyamaza tangu waliponikamata. Wakili nimemnyima, mpelelezi nimemnyima, na leo nimewanyima watu wote. Sijawahi kukudai kitu maisha yangu. Nakudai hiki kimoja tu. Jumatatu simama, uwaambie mstari ule uliuandika wewe."

Bi Ernestine aliitoa mikono yake taratibu, akahesabu vitanzi alivyokuwa amefikia.

"Unanidai, mwanangu, sikatai," alisema. "Silipi."