Chapati ya Moto

Kutoka jikoni Jayshri alisikia tangazo la televisheni likiwasifu waume wanaopika, na mumewe Hasmukh akilipigia makofi.

"Safi sana! Wanaume tubadilike," alisema, kisha akapaza sauti: "Jayshri, chapati nyingine, ya moto!"

Baba mkwe, ambaye kila siku huliita tangazo hilo upuuzi mtupu, aliinuka mezani. Akaja jikoni, akachukua kifimbo cha kusukumia chapati mkononi mwa Jayshri.

"Nenda kakae kwenye kiti changu, binti."

Miaka kumi na tisa Jayshri alikuwa akila wa mwisho, chapati zimeshapoa. Hii aliyoletewa na mzee ilikuwa imeungua ukingoni, duara haikuwa, ila ilikuwa bado imefura kwa mvuke. Jayshri akaikodolea macho, kidole kikielea juu yake, asithubutu kuitoboa.