Msimamizi wa Mashimo ya Mhanga

Mhanga, mnyama hodari wa kuchimba, alikuwa na mashimo saba. Aliishi katika moja. Mengine aliwapangisha wakazi wa msimu mzima na wapita njia wa siku mbili tatu. Alipochoka kupokea wageni alitafuta msimamizi. Kobe aliomba kazi, lakini maswali yake yalimchosha Mhanga. Nguchiro hakuuliza lolote.

"Niachie mimi, mama," alisema. "Hakuna shimo litakalokaa tupu."

Mhanga akamwajiri, akaenda kumhudumia dada yake aliyejifungua. Aliporudi baada ya mwezi, alimkuta Ngiri amesimama mlangoni pake.

"Karibu, shangazi," Ngiri alisema kwa upole. "Umepotea?"

Mhanga alikodoa macho. "Hapa ni kwangu. Nilizaliwa humu."

"Sisi tumepanga mpaka masika yaishe. Muulize msimamizi."

Nguchiro alikuja akitabasamu. "Ulipoondoka lilibaki tupu, mama. Nikalipangisha."

Mhanga alimfukuza kazi papo hapo. Kisha akachungulia ndani, akawaona watoto watano wa Ngiri wamelala, akarudi nyuma polepole asiwaamshe. Mwenye mashimo saba akaenda kando, akaanza kuchimba la nane apate pa kulala.