Majina Yaliyofuata Kimya

Massing alisikiliza tena wimbo wa bibi yake aliourekodi asubuhi, viganja vimebana spika za masikioni. Kimya kirefu, kisha nusu ya jina. Mwanzo wake ulikuwa umeliwa.

Juma zima, kila rekodi ilipokatika, aliulaumu waya wa USB. Aliubadilisha, akabadilisha tundu, akapekua kumbukumbu za Linux, mfumo wa kompyuta yake, mstari kwa mstari: kifaa kimetoka, kifaa kimerudi. Mara ilitokea, mara haikutokea.

Sasa ndipo alipoelewa. Ili kubana umeme wa sola, yeye mwenyewe aliiagiza kompyuta ikilaze kipaza sauti kila panapokuwa kimya. Kikiamka, hupoteza sekunde mbili. Na bibi yake, kama ukoo wao wote, hunyamaza kwanza kabla ya kumtaja marehemu.

Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya mchoro aliouchora mchangani akiimba, kidole bado cheupe kwa vumbi.

"Mbona uso umekushuka? Mashine yako ya kutoka mjini Vila imekula nini?"

"Bibi, yataje tena majina tu. Safari hii usinyamaze katikati."

"Niwaite kama kuku?" Bibi alicheka. "Na mwenye wimbo huyataja mara moja tu, siku ya kuukabidhi. Nimeshakukabidhi asubuhi hii. Sasa ni yako."

Akapitisha kiganja juu ya mchoro, mchanga ukawa tambarare.

"Haya, niimbie wewe. Nisikie walivyokaa kinywani mwako."

Massing alifumba macho, akautafuta mwanzo wa jina la kwanza, akanyamaza.

Bibi aliitikia kwa kichwa, ameridhika na adabu yake, akasubiri.